Aliyetoka porini: namna ya kumpokea nyumbani

Binti wa kaka yangu alichukuliwa Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, Agosti 2020, Mashababi, yaani waasi wa huku kwetu wanaopigana kwa jina la dini, walipouteka mji na bandari, akapelekwa porini kwenye kambi zao. Alikuwa na miaka 14. Alinifikia hapa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kisiwa, baada ya mwaka na miezi miwili, majeshi ya Rwanda na ya kwetu yalipokwisha kuurudisha mji. Naandika kwa ajili ya wenzangu ambao bado wanangoja ndugu zao waliochukuliwa, walioko Paquitequete, mtaa wa ufukweni hapa Pemba, walioko Nampula, mkoa jirani, na hata Mtwara. Siku ile mimi sikujua la kufanya, nikakosea mengi ambayo nyinyi mnaweza kuyaepuka.

Kabla hajafika, waite wote wanaolala nyumbani. Kwangu tulikuwa watu 19 katika vyumba viwili, kwa sababu tangu mashua zilipokuwa zikishusha watu ufukweni Oktoba 2020, wengi hawakwenda kambini, walikuja kwa ndugu. Waambie wote, pamoja na watoto, kwamba kuna maneno hayatatamkwa: "mke wa Mashababi", "mtoto wa Mashababi", na "kwa nini hukukimbia?" Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu huulizwa na wanaompenda. Pita na kwa majirani wa kulia na kushoto, uwaambie hayohayo.

Mahali pa kulala. Mimi nilimtandikia chumba cha nyuma, nikidhani ndiko kwenye usalama. Usiku wa tatu nikamkuta ameketi kizingitini, kandambili zake mkononi, hajalala. Kule porini aliyelala mbali na njia ndiye aliyeachwa helikopta zilipokuja. Nikahamishia mkeka wake karibu na mlango, nikampa ufunguo, komeo likawa upande wake. Akalala mpaka jua likatoka. Muulize mwenyewe anataka kulala wapi, na ufunguo ukae kwake.

Chakula kisiwe karamu. Shangazi wengine walikuja na wali wa nazi na samaki, tukamjazia sahani, akatapika usiku kucha. Mtu aliyeshinda miezi kwa mihogo na majani tumbo lake limesinyaa, na kumshibisha ghafla kunaweza hata kumuua. Anza na uji mwepesi, kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Akiharisha, chemsha lita 1 ya maji, yakipoa tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe taratibu. Akiwa amevimba miguu au hawezi kusimama, usihangaike naye nyumbani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hospitali aende hata kama anasema haumwi. Mwombee mhudumu wa kike, na wewe ubaki nje mpaka akuite. Aliyeingiliwa kwa nguvu akiwahi ndani ya saa 72 hupewa dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Wetu wengi hufika muda huo umeshapita zamani, lakini bado kuna vipimo na matibabu, kwa hiyo msikate tamaa. Akikutwa ana mimba, habari hiyo ni yake. Mimi niliambiwa baada ya wiki mbili, na nilishukuru kwamba sikumlazimisha.

Nguo. Alikuja na buibui jeusi walilowavisha kwa lazima, limechanika pindoni, linanuka moshi. Mimi ni fundi cherehani. Nilishamshonea gauni la kapulana, kitenge cha kwetu, ya njano, nikataka buibui lile nilichome. Alilishika kwa mikono miwili. Kule walimpangia la kuvaa, na mimi nilikuwa nataka kumpangia tena. Nikamwacha. Miezi minne baadaye alilifua, akalikata mwenyewe kuwa vitambaa vya kushikia sufuria.

Usimhoji. Akitaka kusema atasema, na mara nyingi atasema mikono ikiwa na kazi. Yangu niliyapata tukichambua mchele, macho yetu sote yakiwa kwenye ungo. Alisema walikuwa wanahesabiwa asubuhi na jioni kama mbuzi. Simu ilikuwa kosa, kuimba kosa, kulia kwa sauti kosa. Moto uliwashwa kabla ya alfajiri tu, ukazimwa kwa mchanga kunapopambazuka, moshi usionekane kutoka angani. Wasichana walipangwa mstari, wanaume wakachagua. Alinyamaza hapo, nami nikanyamaza, tukaendelea kutoa mawe. Ukijisikia kulia, lia, lakini usiseme "masikini mwanangu" kila mara, maana mwishowe atakuwa anakubembeleza wewe.

Kwa wiki nyingi aliamka saa tisa usiku kuwasha moto, na kulipokucha akamwaga mchanga mekoni. Watoto walimcheka siku moja tu, nikawakataza. Tulichofanya ni kuweka ndoo ya mchanga pale pale, asiutafute gizani. Mwenyewe aliacha.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawanya nyumbani, nalo ni sala. Sisi ni Wamwani, watu wa pwani ya Cabo Delgado, Waislamu tangu mababu, na mtoto aliporudi alikataa kuswali. Mjomba wake akakasirika, akataka apelekwe chuoni kusoma Kurani siku ileile. Nilimwambia: kule waliswalishwa wamesimamiwa na mtu mwenye bunduki, na aliyekosea aya alichapwa. Ukimsimamia na fimbo wewe, atawaona wao. Nilichokifanya ni kumsimulia. Kabla ya mashambulizi ya Oktoba 2017, vijana hawa walianza kuingia misikitini Mocímboa na viatu, na visu viunoni, wakiwaita wazee wetu makafiri. Masheikh wetu waliwakatalia, wakapeleka habari serikalini. Babu yake alikuwa miongoni mwa waliowatoa msikitini. Hakujua hayo, alikuwa mdogo. Alikaa muda, akauliza: "Shangazi, kumbe babu aliwaambia si dini?" Usiku huo hakuswali. Aliswali baada ya Ramadhani mbili, na hakuna aliyemwambia kitu.

Jambo jingine gumu: wale waliowashika si wageni peke yao. Mmoja wa waliokuwa wanawalinda ni kijana wa mtaani kwetu, mtoto wa mwanamke niliyekuwa nikikaa naye tukisukana. Alikuwa mvuvi hana nyavu, akaahidiwa mtaji wa biashara, akapotea, akarudi na bunduki. Mama yake naye yuko hapa Pemba, amekimbia kama sisi. Ukimpokea aliyetoka porini, lazima ujue ni nani katika ukoo au mtaa ana mtu upande ule, kwa sababu watakutana kisimani. Nilimwendea yule mama kwanza, peke yangu, nikamweleza. Alilia mpaka kanga ikalowa. Tukapatana: yeye hatakuja kwangu mpaka mtoto amwite. Hajamwita, nami simlazimishi, ila yule mama bado namsalimu barabarani.

Karatasi zianze mapema. Asiye na kitambulisho hudhaniwa adui kila kizuizi cha askari, na vya kwetu viliteketea na nyumba. Barua ya katibu wa mtaa ndiyo iliyotufungulia mlango, pamoja na wazee wawili waliomjua tangu kuzaliwa. Jirani yangu alimwandikisha mjukuu aliyezaliwa porini kwa jina la mama peke yake. Fanyeni hivyo, mtoto asikue bila cheti. Na askari wakitaka kumhoji, nenda naye. Wetu aliulizwa maswali yaleyale katika ofisi tatu, wanaume peke yao mezani, na ya tatu alizimia. Omba mwanamke awepo, omba mapumziko, na andika alichokwisha kusema ili asirudie upya.

Kwa wale ambao hawajaonekana: jazeni fomu Msalaba Mwekundu, hawachukui pesa. Wapo wanaopiga simu kusema wamemwona ndugu yako Mueda, mji wa bara mkoani kwetu, au ng'ambo ya mto Ruvuma, tuma kwanza hela ya nauli. Nilituma mara mbili. Msitume. Katika fomu andika jina la utani, jina la mama, mtaa, na alama za mwilini.

Kaka yangu, baba wa mtoto huyu, bado hajulikani alipo. Fomu yake niliijaza mimi, lakini nilipofika kwenye alama za mwilini sikuwa na la kuandika. Mtoto akachukua kalamu: kovu la ndoana, kidole gumba cha kushoto.