Kubadilisha pawa saplai ya reki ya ufuatiliaji mashine ikiwa inazunguka

Somo hili ni la reki (fremu za moduli za ufuatiliaji) zenye nafasi mbili za pawa saplai, yaani kifaa kinachoilisha reki umeme, zile zinazosoma mtetemo, msogeo wa shafti na joto la beringi kwenye tabaini, kompresa na pampu kubwa. Kama reki yako ina pawa saplai moja tu, subiri mashine isimame. Ukiichomoa, relei za tripu (za kuzima mashine kiotomatiki) zinazoshikiliwa na umeme zitaachia na mashine itazimika.

Taa ya kijani ya pawa saplai usiiamini sana. Inaonyesha kwamba volti zipo kwa sasa, basi. Pawa saplai ya akiba inaweza kuwa na kapasita zilizokauka, taa ikawaka vizuri tu, halafu ikalemewa siku inapoachiwa mzigo wote.

Andaa: pawa saplai mpya, mita, bisibisi, kamba ya mkononi ya kuondoa umeme tuli, kufuli la breka, mchoro wa umeme na kibali cha kazi.

Hatua ya 1. Linganisha lebo. Usiishie kwenye namba ya aina, soma na volti za kuingiza. Kuna za AC ya juu, AC ya chini na za DC, na kwa sura zinafanana. Ya volti 110 ukiipa 230 inaungua papo hapo. Kwenye reki nyingi umeme huingilia moduli ndogo ya nyuma. Hiyo nayo lazima iendane na ya mbele.

Hatua ya 2. Fuata nyaya hadi kwenye breka. Kila pawa saplai iwe na breka yake, na vyanzo viwe viwili tofauti, kwa mfano UPS (umeme wa akiba wa betri) moja na laini nyingine isiyopitia UPS hiyo. Usitegemee mchoro peke yake. Mara nyingi utakuta kipande cha waya kimerushwa kutoka terminali za moja kwenda nyingine, na zote mbili zinakula breka moja. Ukikuta hivyo, kazi isimame hadi irekebishwe.

Hatua ya 3. Weka baipasi ya tripu (izuie kwa muda mashine isizimwe na reki) kwa makubaliano na waendeshaji, kisha andika volti ya gepu ya kila chaneli, yaani volti inayoonyesha umbali kati ya sensa na shafti. Sensa za msogeo kwa kawaida hulishwa volti 24 hasi za DC, na gepu huwa karibu na volti 10 hasi. Orodha hii utaihitaji mwishoni.

Hatua ya 4. Zima breka ya pawa saplai unayotaka kuitoa, lakini usiichomoe. Hapa ndipo pa kutulia. Weka mita kwenye terminali za dreva ya sensa (kisanduku kinachoilisha sensa umeme), minasi 24 na komoni, uangalie kwa dakika 10 au 15. Volti zisishuke wala kuchezacheza. Geuza mita kwenye AC upime mawimbi (mabaki ya AC yanayopanda juu ya DC): yakiwa yameongezeka sana kuliko kabla ya kuzima, iliyobaki nayo imechoka. Washa breka tena, agiza mbili. Ungekuwa umeshachomoa, usingekuwa na pa kurudi.

Hatua ya 5. Funga breka kwa kufuli, hakikisha kwa mita kwamba terminali za nyuma hazina umeme, subiri dakika chache kapasita zijimwage. Vaa kamba ya mkononi, legeza skrubu za uso, vuta moduli ikiwa imenyooka.

Hatua ya 6. Mulika soketi kwa tochi kabla ya kuingiza mpya. Pini iliyopinda ikisukumwa kwa nguvu inaharibu ubao wa nyuma wa reki, na huo haubadilishwi mashine ikizunguka. Sukuma juu na chini kwa usawa, kaza skrubu kwa mkono, washa breka.

Hatua ya 7. Jaribu mpya nayo. Zima breka ya ile nyingine iliyobaki kwenye reki, rudia vipimo vya hatua ya 4, kisha uiwashe. Wengi huiruka hatua hii. Linganisha gepu na orodha yako, futa alamu, na baipasi iwe ya mwisho kabisa kuondolewa, chaneli zote zikiwa sawa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nimeingiza mpya, breka ipo juu, taa haiwaki. Imekufa?

Jibu: Pima kwanza kwenye terminali za nyuma. Kama umeme haufiki, tafuta fyuzi au skrubu iliyolegea. Kama unafika, rudi kwenye lebo: moduli ya volti za juu ikipewa za chini haiungui, inakaa kimya tu.

Swali: Paneli yetu ina pawa saplai mbili za nje za volti 24. Naweza kuziunganisha sambamba moja kwa moja?

Jibu: Usifanye hivyo, ndugu. Moja ikipata shoti upande wa kutoa, inaivuta nyingine chini. Weka moduli ya diodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) katikati. Diodi hula karibu nusu volti, kwa hiyo panda kidogo kwenye skrubu ya kurekebisha, na kila moja iweze kubeba mzigo wote peke yake.

Swali: Shoti ya sensa moja inazima paneli nzima, breka ya ampea 6 haitripu. Kwa nini?

Jibu: Breka ya aina ya C huhitaji mara 5 hadi 10 ya ampea zake ili ikate papo hapo, yaani 30 hadi 60, na kwenye DC huhitaji zaidi ya hapo. Pawa saplai ya ampea 5 haiwezi kuzitoa. Inajilinda kwa kushusha volti, na kila kitu kinazimika. Tumia fyuzi ndogo kwa kila tawi, au ulinzi wa kielektroniki.

Swali: Spea imekaa stoo miaka mingi. Ni salama kuiingiza?

Jibu: Si moja kwa moja. Kapasita za elektroliti zikikaa muda mrefu bila umeme, utando wake wa ndani hudhoofika. Iwashe kwanza mezani kwa saa kadhaa, kwenye reki ya majaribio kama ipo, upime volti na mawimbi. Stoo nayo isiwe ya joto: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha ya kapasita kwa nusu.