Usitupe kwanza, kuna mtu anakitafuta hicho
Jamani kabla hujatupa laptop ya zamani au simu iliyolala tu kabatini, iwashe kwanza uone inafanya nini, halafu anayeichukua mwambie ukweli wote, kama haikai na chaji sema, maana hata ikiwa mbovu fundi anaweza kutoa spea humo. Ila kufuta mafaili tu haitoshi! Toka kwenye akaunti zako zote ndo uirudishe kama ilivyotoka kiwandani, usipotoka inaweza kumfungia mwenzio kabisa. Chaja iende nayo. Betri iliyovimba usimpe mtu wala usiitupe jalalani, inaweza kuwaka moto, ipeleke wanakopokea taka za elektroniki. Hata rangi ya kupaka iliyobaki usiitupe, funika kopo vizuri, andika juu yake namba ya rangi hiyo, badilishana na mwenye mbao au misumari.