Kaswende: kusoma karatasi ya maabara na kupata sindano iliyo sahihi

Kidonda cha kaswende hakiumi, na hapo ndipo ugonjwa huu unapowashinda watu. Hutokea pale kijidudu kilipoingilia: kwenye uume, ukeni, njia ya haja kubwa, hata mdomoni. Mara nyingi huonekana wiki 3 hivi baada ya kujamiiana na mwenye ugonjwa, ingawa siku 10 hadi 90 zote zinawezekana. Kwa kawaida huwa kimoja, cha mviringo, chenye ukingo mgumu. Kikikaa ndani ya uke, mwanamke hatajua kipo. Baada ya wiki 3 hadi 6 hupotea chenyewe, uwe umetumia dawa au hapana. Ndiyo maana majani, maji ya chumvi na vidonge vichache vya ampisilini vilivyonunuliwa kwenye masoko ya Bukavu, Kadutu au Nyawera, hupata sifa visizostahili. Kidonda kilikuwa kinaondoka tu. Kijidudu kimebaki mwilini.

Baadaye huja vipele visivyowasha, hasa kwenye viganja na nyayo, pamoja na homa, tezi kuvimba, au nywele kutoka mafungu mafungu. Wengi hupewa dawa ya malaria hapo. Vipele navyo hupotea, kisha ni kimya cha miaka, hadi mishipa mikubwa ya moyo au ubongo ianze kuharibika. Macho na masikio hayasubiri miaka: ukianza kuona ukungu au sikio likaziba ghafla, nenda hospitali kubwa, maana matibabu yake ni penisilini ya mshipani kwa siku 10 hadi 14, si sindano ya kawaida.

Sasa karatasi. Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, hutafuta alama ambazo mwili huziunda kupambana na kijidudu (antibodi) na hubaki nazo karibu maisha yote. Aliyetibiwa vizuri miaka 5 iliyopita bado ataonekana ana ugonjwa, na wapo wanaochomwa sindano upya kila mwaka kwa sababu hiyo tu. RPR au VDRL, kipimo cha damu cha maabara, ndicho kinachopanda na kushuka kufuatana na ugonjwa. Kinaandikwa kama 1:8 au 1:32, na namba ya pili, ile baada ya nukta mbili, ndiyo ya kutazama. Iwe ilikuwa 1:32 na miezi 6 hadi 12 baada ya dawa ni 1:8 au chini, dawa imefanya kazi. Kutoka 1:32 hadi 1:16 bado hakutoshi kusema hivyo. Rudia kipimo kilekile, kwenye maabara ileile ikiwezekana, na tunza karatasi zote. Kidonda kikiwa kipya, vipimo vyote viwili vinaweza kukosa kuonyesha kitu. Daktari hutibu kwa anachokiona, au hurudia baada ya wiki chache.

Dawa ni benzathini penisilini, ambayo wengi huiita Extencilline. Ugonjwa ambao haujatimiza miaka 2 hutibiwa kwa yuniti milioni 2.4 mara moja, milioni 1.2 kila tako. Ukipita hapo, au tarehe haijulikani, ni kiasi hicho mara 3, wiki moja kati ya sindano na sindano. Soma kichupa kabla hakijafunguliwa: kikiwa cha milioni 1.2 vinahitajika viwili kwa kila zamu. Penisilini ya mshipani huisha mwilini kwa saa chache, hivyo dozi moja yake haiponyi. Benzathini nayo haiingizwi mshipani kamwe, inaweza kusimamisha moyo. Ikishachanganywa huwa nzito kama maziwa na huziba sindano nyembamba, na inauma kweli. Sema mapema kama penisilini iliwahi kukuvimbisha uso au kukuzuia pumzi, na usiondoke kituoni kabla ya dakika 30. Usiku huo homa na baridi vinaweza kuja: ni vijidudu vinavyokufa, meza parasetamoli.

Asiyeweza penisilini hupewa doksisiklini, miligramu 100 asubuhi na jioni, siku 14 kwa ugonjwa mpya na siku 30 kwa wa zamani. Mama mjamzito hapewi hiyo. Kwake ni penisilini peke yake, kwa kuwa ndiyo inayomfikia mtoto tumboni kwa uhakika. Mwenye mzio apelekwe hospitali ili azoezwe dawa polepole. Omba kipimo siku ya kwanza ya CPN (kliniki ya wajawazito), usingoje tumbo likue: sindano ya mwisho-mwisho, chini ya siku 30 kabla ya kujifungua, haihesabiwi kuwa imemkinga mtoto, na atachunguzwa na kutibiwa baada ya kuzaliwa. Kaswende isiyotibiwa huua mimba nyingi.

Bwana akitibiwa peke yake, kazi ni bure. Kuwahi kuugua hakukingi. Aliyelala na mgonjwa wa kidonda kipya ndani ya miezi 3 iliyopita hutibiwa hata kipimo kikiwa safi, naye mchimbaji aliyeacha mwenza kwenye mji wa migodi wa Kamituga ampelekee habari huko. Hakuna kujamiiana kwa siku 7 baada ya dawa na hadi vidonda vifunge. Kapoti (kondomu) husaidia sana, lakini haifuniki kidonda kilicho kwenye kinena au korodani.