Jinsi ya kumpaka mbwa dawa ya kupe na viroboto ya mgongoni

Huku Kisumu joto haliishi na kupe nao hawapumziki, kwa hivyo kama unafuga mbwa hii dawa ya kudondoshea mgongoni utaihitaji mwaka mzima, si ati mvua ikinyesha tu. Dawa ni nzuri, shida ni vile inawekwa. Mtu anaimwaga juu ya manyoya, inakaukia hapo, wiki ijayo kupe ni wale wale halafu anasema agrovet walimuuzia feki.

Anza na uzito. Paketi zimegawanywa kwa kilo, za fipronil (aina moja ya hii dawa) kwa mfano nyingi ziko za mbwa hadi kilo 10, 10 hadi 20, 20 hadi 40, na za wakubwa zaidi. Usikadirie kwa macho, mbebe upande naye kwenye mizani halafu utoe kilo zako, na usinunue ya mbwa mkubwa ati ugawie wawili wadogo. Mtoto wa mbwa wa chini ya wiki 8 uliza daktari wa mifugo kwanza. Na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, amitraz, tafadhali isiguse mbwa ikiwa kali vile imetoka kwa chupa, maana inamlegeza, moyo unapiga polepole na anaweza kufa.

Siku ya kupaka awe mkavu. Kama ulimwosha ngoja siku mbili, kwa sababu dawa inasambaa mwilini ikifuata mafuta ya ngozi, na sabuni, hasa ile ya unga ya kufulia, inayamaliza hayo mafuta. Mtu amshike akiwa amesimama. Enda katikati ya mabega, hapo nyuma ya shingo ulimi wake haufiki, tenganisha manyoya na vidole viwili mpaka uone ngozi yenyewe, gusisha mdomo wa kichupa kwa ngozi na ukamue polepole mpaka kiishe. Ukiona inateremka ubavuni unakamua haraka. Usisugue. Kwa mbwa mkubwa dawa zingine zinawekwa sehemu tatu ama nne kufuata uti wa mgongo, soma karatasi ya ndani. Nawa mikono, na watoto wasimkumbatie mpaka pakauke.

Siku mbili zifuatazo asiogeshwe wala asiingie majini. Nyinyi wa Dunga na kando ya ziwa mfungeni kabisa, hizi dawa zinaua samaki, na kichupa kikiisha usikitupe mtaroni.

Kama uko na paka hapa soma mara mbili. Dawa nyingi za mbwa ziko na permethrin, kemikali ya kuua wadudu, na mwili wa paka hauwezi kuivunja, anatetemeka, anashikwa na degedege, anakufa, na si lazima umpake yeye, hata kulala na mbwa aliyepakwa leo au kumlamba inatosha. Paka na mbwa wakilala gunia moja chagua dawa isiyo na permethrin. Ikishampata mwoshe na maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukimbie kwa vet saa hiyo hiyo. Sungura nao wasipakwe fipronil.

Usishtuke ukiona kupe bado ameng'ang'ania kesho yake, anaweza kuchukua siku mbili kufa. Ukitaka kumtoa mshike na kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja, mambo ya mafuta ya taa na kiberiti achana nayo. Halafu geukia pale mbwa analala, maana mayai ya viroboto yanaanguka hapo na kupe wa kahawia anapanda ukuta ajifiche kwa nyufa: fua blanketi na maji moto, choma gunia kuukuu, ziba nyufa. Rudia dawa vile paketi inasema, nyingi ni kila mwezi.

Na mbwa akikataa chakula, ufizi uwe mweupe, mwili moto ama mkojo mweusi, hiyo si ya kupaka tena, kupe wanabeba ehrlichia na babesia, vijidudu vya magonjwa ya damu, mpeleke akatolewe damu ipimwe siku hiyo.