Kabla ya Kukubali Nafasi ya Chuo: Leseni, Karo ya Miaka Yote, Kisha Jina

KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo nchini Kenya, ikishatangaza nafasi, familia nyingi za Nairobi hujikuta na barua zaidi ya moja mezani. Kuna nafasi ya chuo kikuu cha umma, kuna chuo cha kibinafsi kilichoahidi punguzo la karo, na pengine kuna diploma ya KMTC (chuo cha umma cha mafunzo ya afya) au ya politekniki ya kitaifa kama ile ya Kabete. Ubishi huanzia kwenye jina la chuo, kwa sababu jina ndilo jamaa watakaloulizia. Ushauri wetu ni kuanzia kwenye bodi itakayokusajili kufanya kazi. Pesa ya karo ikikosekana, familia inaweza kuhangaika ikaipata. Shahada isiyokubaliwa na bodi ya taaluma haina tiba baada ya miaka minne.

Kenya ina vibali viwili, na watu huvichanganya. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo huidhinisha programu ili chuo kiifundishe. Bodi ya taaluma ndiyo humsajili mhitimu ili aifanye kazi yenyewe. Programu inaweza kuwa na kibali cha CUE na bado mhitimu wake akakwama kwenye dirisha la bodi. Kwa hiyo, kabla hujagusa suala la pesa, ingia kwenye tovuti ya bodi husika, tafuta orodha ya vyuo na kozi inazozitambua, usome jina la kozi neno kwa neno pamoja na kampasi. Kibali cha kampasi kuu usikichukulie kuwa kinafika hadi tawi la mjini.

Uhandisi ndiko wengi huteleza. Wahandisi husajiliwa na Engineers Board of Kenya, na kozi zake ni za miaka mitano. Ipo bodi nyingine, KETRB, inayosajili wanateknolojia na mafundi wa uhandisi. Kozi mbili zinaweza kutofautiana kwa neno moja tu, "uhandisi" na "teknolojia ya uhandisi", na neno hilo likakupeleka kwenye bodi nyingine na cheo kingine kazini. Kazi ya mwanateknolojia ni nzuri na inalipa, ila uingie ukijua ndiyo uliyoichagua.

Sheria nayo ina ngazi zake. Shahada huchukua miaka minne, kisha kuna mafunzo ya uwakili Kenya School of Law kule Karen, mitihani, na uanagenzi katika ofisi ya wakili. Kwa muda mrefu masharti ya kuingia huko yametazama hata KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari: wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Chuo kinaweza kukupokea, lakini swali la B hiyo huenda likakungoja mbele. Kwa ualimu wa sekondari, TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, hutaka C+ ya jumla na C+ katika kila somo kati ya mawili utakayofundisha. Ukipewa nafasi ya ualimu wa Hisabati na Fizikia huku Fizikia ulipata C, badilisha jozi ya masomo kabla muhula wa kwanza haujaisha. Kwa uuguzi, uliza kama chuo kinawasajilisha wanafunzi wake kwa Baraza la Wauguzi mapema wanapoanza ili wapewe namba, maana bila namba hiyo ya mwanafunzi mtihani wa leseni haufanyiki. Kwa udaktari na famasia, fuata njia hiyo hiyo kwa KMPDC, baraza la madaktari, na kwa Pharmacy and Poisons Board. Ukiwa na shaka, andika barua pepe kwa bodi ukitaja kozi, chuo na kampasi, na jibu lao ulihifadhi. Simu ya mdomo haitakusaidia miaka minne ijayo.

Zipo kozi ambazo hazina bodi ya kukuzuia, kama biashara na sehemu kubwa ya kompyuta. Huko swali ni vyeti gani vya ziada soko linavitaka. Anayetaka uhasibu anahitaji CPA, cheti cha uhasibu cha bodi ya mitihani ya KASNEB, kuliko anavyohitaji chuo chenye jina, na anaweza kuifanya sambamba na shahada. Uliza shahada hiyo inampunguzia karatasi ngapi za mtihani wa CPA. Anayetaka sayansi ya bima aulize kama idara ina msamaha wa baadhi ya mitihani ya kimataifa ya waaktuari, yaani wataalamu wa hesabu za bima.

Sasa pesa. Kosa kubwa ni kulinganisha karo ya muhula wa kwanza. Chora jedwali lenye safu moja kwa kila barua, kisha uandike gharama ya kila mwaka hadi siku ya kupata leseni, ukijumlisha mwaka wa mafunzo kazini pale unapohitajika.

Kwa chuo cha umma, mfumo ulioanza 2023 hugawa gharama ya programu mara tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na mchango wa familia. Makundi ya wanafunzi kwa uwezo wa familia yalianza yakiwa manne, yakawa bendi tano, na mfumo wenyewe umefikishwa mahakamani, kwa hiyo kiasi kinachokuhusu ni kile kilicho kwenye akaunti yako ya mtandaoni, hata kama cha mtoto wa jirani ni tofauti. Tuchukue mfano. Programu inagharimu shilingi 240,000 kwa mwaka, nawe umewekwa bendi ya 3, yaani ufadhili asilimia 50, mkopo 30 na familia 20. Ufadhili utakuwa 120,000, mkopo 72,000, na nyumbani mtatoa 48,000. Kwa miaka minne familia italipa 192,000 na deni la karo litakuwa 288,000. Tuseme pia unapata mkopo wa matumizi wa 50,000 kwa mwaka. Wanafunzi wengi huuona kama zawadi, kumbe ni deni la 200,000 zaidi. Utatoka chuoni ukidaiwa 488,000 kabla ya riba ya asilimia 4, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi.

Sasa uweke kando yake chuo cha kibinafsi kinachotoza 300,000 kwa mwaka na kimekupa punguzo la asilimia 40. Mtalipa 180,000 kwa mwaka, jumla 720,000. Ukiondoa pesa za matumizi, chuo cha umma kinakuja 480,000, na zaidi ya nusu yake italipwa baadaye. Pengo ni 240,000. Hapo ndipo usome masharti ya punguzo kwa makini. Mengi hufungwa kwenye wastani wa alama, na mwanafunzi akishuka muhula mmoja tu punguzo huondoka. Likiondoka baada ya mwaka wa kwanza, 720,000 inageuka 1,080,000. Uliza maswali manne na upate majibu kwa maandishi: punguzo ni la mwaka mmoja au la kozi nzima, linafutwa kwa wastani upi, likifutwa linaweza kurudishwa, na je, linahusu karo peke yake au pamoja na ada za maabara, mitihani na usajili. Kuna vyuo vinavyotoza kwa kila somo, kama USIU-Africa, na huko kurudia somo ni kulilipia upya. Anayejiunga na chuo cha kibinafsi asitegemee ufadhili wa serikali chini ya mfumo wa sasa, ingawa mkopo wa HELB anaweza kuomba.

Ufadhili na mkopo haviji vyenyewe kwa sababu umepata nafasi. Lazima uombe, na mkopo huombwa tena kila mwaka. Kila mwaka wapo wanaofika chuoni wakadaiwa gharama nzima kwa sababu fomu haikukamilika. Andaa mapema kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi au cheti cha kifo kama mzazi amefariki, akaunti ya benki na laini ya simu. Laini iwe imesajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe. Inayosoma jina la mama au la kaka hukwamisha malipo. Ukiona umewekwa bendi ya juu kuliko hali ya nyumbani, kata rufaa mara moja ukiwa na ushahidi.

Makazi na nauli hubadilisha hesabu kuliko watu wanavyodhani. "Chuo Kikuu cha Nairobi" kwenye barua hakisemi utalala wapi. Sheria iko Parklands, sayansi Chiromo, elimu Kikuyu, kilimo na mifugo Upper Kabete, na afya jirani na hospitali ya Kenyatta. Chuo kikuu cha JKUAT kiko Juja, Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, Technical University of Kenya iko Haile Selassie Avenue katikati ya jiji, na Chuo Kikuu cha Multimedia kiko Barabara ya Magadi. Anayekaa Umoja akasoma Juja, tuseme kwa nauli ya 200 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 30 kwa mwaka, atatumia 30,000. Bedsita, yaani chumba kimoja cha kupanga, ya 7,000 kwa mwezi ni 84,000 kwa mwaka, kwa sababu mwenye nyumba hudai kodi hata likizo, na kabla ya kuingia kuna dipoziti ya mwezi mmoja. Nauli inaonekana nafuu mpaka uhesabu saa za foleni ya Thika Road asubuhi, bei inavyopanda mvua inaponyesha, na vipindi vya maabara vinavyoisha jioni. Hosteli ya ndani ya chuo ndiyo nafuu zaidi, lakini vyumba ni vichache na hujaa haraka, kwa hiyo jua tarehe ya kuomba.

Weka pia akiba ya muhula mmoja wa ziada kwa chuo cha umma. Migomo ya wahadhiri husogeza ratiba. Ule wa 2025 ulifunga madarasa kwa wiki kadhaa, na kodi ya nyumba haikungoja.

Jina la chuo lina thamani, na si haki kumwambia kijana kwamba halina. Thamani hiyo iko mahali maalumu: kampuni za ukaguzi wa hesabu, benki, ofisi kubwa za mawakili na kampuni za teknolojia, ambako waliotangulia kutoka chuo hicho ndio wanaosoma maombi ya kazi. Kwa mwalimu wa TSC, mwaka wa kufuzu huhesabika sana katika kuajiriwa, na jina la chuo halikuvushi foleni. Kwa muuguzi au daktari wa serikali, leseni ndiyo inayotazamwa. Kama kazi unayoitaka iko kundi hili la pili, kulipa 240,000 zaidi kwa ajili ya jina ni mzigo ambao hatumshauri mzazi wa kipato cha kawaida aubebe.

Ubora wenyewe upimwe kwa idara. Nenda siku ya kawaida ya juma, usiende siku ya maonyesho. Tafuta kijitabu cha mahafali ya karibuni, uhesabu waliohitimu kozi yako, kisha uwaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu darasa lilianza na wangapi. Pengo likiwa kubwa, uliza kwa nini. Mara nyingi utasikia habari ya alama kupotea: mwanafunzi amefanya mtihani, alama hazimo kwenye mfumo, na bila hizo hahitimu. Uliza wanafunzi wangapi hutumia mashine moja ya maabara. Uliza pia ni nani hutafuta nafasi ya atachimenti (mafunzo ya vitendo kazini), idara au mwanafunzi mwenyewe akizunguka Industrial Area na bahasha.

Diploma nayo isidharauliwe. Uuguzi wa diploma KMTC huchukua miaka mitatu, wakati wa shahada ni miaka minne na mwaka wa mafunzo kazini. Kwa nyumba inayohitaji mshahara mapema, miaka hiyo miwili ni pesa halisi, na mlango wa kuongeza shahada baadaye upo. Kabla ya kuchukua njia hiyo, uliza ni vyuo vipi vitakuhesabia masomo ya diploma na kukuanzisha mwaka wa pili.

Kozi ya KUCCPS isipokuridhisha, usijinunulie nafasi kwingine kwa hasira. Kuna kipindi cha kuomba uhamisho mtandaoni, na sharti kuu ni alama zako za klasta (za masomo yanayotakiwa na kozi) zifikie kiwango cha mwisho kilichotumika mwaka huo kwa kozi unayoitaka. Kipindi hicho ni kifupi.

Pesa ilipwe kwa akaunti au namba ya malipo iliyo kwenye tovuti rasmi ya chuo. Anayejiita wa ofisi ya udahili na kutaka umtumie kwa namba yake ya simu ni tapeli, hata akijua jina lako na kozi yako. Ada ya kukubali nafasi katika vyuo vya kibinafsi kwa kawaida hairudishwi, kwa hiyo usiilipe mahali pawili ili kununua muda. Ukihitaji muda, mwandikie msajili wa masomo kabla ya tarehe ya mwisho, uombe kuahirisha kuanza, na uulize waziwazi kama punguzo la karo litaahirishwa pamoja na nafasi.