Uhakimu wa Mahakama ya Mwanzo Tanzania: njia ya kuingia na mitego ya kazi

Shahada ya sheria haikufikishi mezani. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na hapo wengi hukwama: matokeo ya 2022 yalizua mjadala nchi nzima, kwani kati ya watahiniwa 633 ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja. Ukivuka, subiri tangazo la Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ambatisha nakala za vyeti vyenyewe, si hati ya matokeo ya muda, na hakikisha majina yanafanana kuanzia cheti cha kuzaliwa. Ukifaulu usaili utaapishwa, kisha mafunzo elekezi kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto.

Kazi yenyewe inaanza na swali moja kabla ya kufungua jalada: je, shauri hili ni langu? Deni la mkataba lina kikomo cha shilingi milioni 30. Mgogoro wa ardhi si wako kabisa, ila utakujia umevaa joho la jinai: mtu anamshtaki jirani kwa kuingia shambani kwake. Kama wote wawili wanadai shamba ni lao, usimtie mtu hatiani; umiliki uamuliwe kwanza kwenye chombo cha ardhi.

Mirathi ndiyo tanuri. Unasikiliza tu pale inapotumika sheria ya kimila au ya Kiislamu, na jina la marehemu halitoshi kukuonyesha ni ipi. Uliza alifunga ndoa ya namna gani, aliishi vipi, alizikwa kwa taratibu zipi, na majibu uyaandike. Halafu usigawe mali wewe. Kugawa ni kazi ya msimamizi. Yako ni kumteua na kudai hesabu.

Kwenye ushahidi, weka kando Sheria ya Ushahidi uliyoikariri chuoni: haitumiki Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina kanuni zake fupi za ushahidi. Na ukimtia mtu hatiani, kifungo kwa kawaida kisizidi miezi 12.

Andika maelezo ya kila shahidi kwa maneno yake, kisha weka sahihi papo hapo. Sahihi ikikosekana, mahakama ya juu inaweza kufuta mwenendo wote wa kesi nayo ikaanza upya, mashahidi wakiwa wameshahama. Hukumu itaje hoja zinazobishaniwa, uamuzi na sababu zake. Ukimaliza kuisoma, waambie wadaawa, yaani pande zote za kesi, kwamba wana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na uandike kwamba umewaambia.