Kabla ya kutolewa uvimbe mkubwa wa mafuta pajani

Kile kivimbe laini cha begani au mgongoni, kinachotelezateleza chini ya ngozi ukikibonyeza, mara nyingi ni lipoma tu, yaani uvimbe wa mafuta usio saratani, na hakina haraka. Wa kutiliwa shaka ni ule uliozidi sentimita 5, unaoendelea kukua, au uliozama ndani ya misuli, hasa ya paja. Nao unaweza kuwa lipoma. Unaweza pia kuwa uvimbe wa mafuta wa daraja la chini, jamii ya saratani isiyo na kawaida ya kusambaa mwilini lakini yenye tabia ya kurudi palepale. Mara chache hugeuka kuwa kali, na hapo ndipo huweza kusambaa.

Vidole vya daktari, hata awe bingwa, haviwezi kutofautisha hizo mbili. Kwa hiyo ukiambiwa "njoo kesho tuutoe kwa ganzi", uliza kwanza kuhusu MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku. Ultrasaundi hufaa kwa kivimbe kidogo cha juu. Kwa huu haitoshi. MRI huonyesha kama ndani ya mafuta kuna kuta nene au sehemu zisizo mafuta, na neva na mishipa mikubwa ya damu imepita wapi. Penye shaka, kipande huchukuliwa kwa sindano kabla ya upasuaji, na maabara hupima jeni ya MDM2: nakala zake zikiwa zimeongezeka kupita kiasi, hiyo si lipoma ya kawaida. Si kila hospitali ina kipimo hicho, basi ulizia mapema sampuli itapelekwa wapi, kwa gharama gani, na majibu yatachukua muda gani. Njia ya sindano nayo apange au aikubali atakayekupasua, maana ikipita vibaya humharibia mpango wake.

Wengi wanaposikia neno saratani huwaza kukatwa mguu. Kwa uvimbe huu ni nadra sana. Kwa kawaida hutolewa mzima pamoja na ganda lake, misuli na neva zikihifadhiwa kadiri inavyowezekana. Ulio nyuma ya tumbo ni habari nyingine kabisa: ni mgumu kuumaliza, wakati mwingine figo hutoka nao, na unahitaji timu iliyozoea kazi hiyo.

Mtajie daktari dawa zote unazotumia, mitishamba ikiwemo, hasa zinazozuia damu kuganda, lakini usiziache bila agizo lake. Sukari na presha zitulizwe, sigara iachwe. Huenda ukarudi wodini na mrija wa kutoa majimaji. Panga nani atakusaidia nyumbani, na usiahidi kazini tarehe ya kurudi.

Hakikisha uvimbe wote unapelekwa maabara. Ripoti na sidii ya MRI vitunze mwenyewe, usitegemee faili la hospitali, kwa sababu uvimbe huu unaweza kurudi hata baada ya miaka 10, na daktari wa wakati huo atataka kulinganisha.